Nani Alimpa Mtoto Dawa

Mpaka leo nikisikia mtu akisema Mildred alilishwa sumu na nyanya yake, damu hunichemka. Nilikuwepo. Mwaka wa tatu wa uhuru nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto mjini Kakamega, na mkono wangu umo katika jambo lile.

Mildred alikuwa na miaka miwili. Aliletwa asubuhi na baba yake, Cleophas, karani wa serikali, amevaa tai. Mtoto alikuwa anachemka kwa homa na kuhema mbiombio. Nikauliza swali letu la kila siku: amepewa dawa gani nyumbani?

"Hakuna, Sista. Hajapewa kitu."

Wazazi walidanganya, na sisi ndio tuliowafundisha. Mama akikiri kwamba alimpa mtoto dawa ya dukani, tulimfokea mbele ya wodi nzima mpaka alie. Baada ya hapo nani angesema kweli? Basi nikaandika kwamba hajapewa dawa, kadi ikajazwa nimonia, akachomwa penisilini. Kwa kuwa homa ilikuwa kali nikamsagia aspirini moja kwenye maji ya sukari, nikamnywesha. Kwa haraka zangu sikuiandika.

Saa sita mchana akashikwa na degedege. Daktari Barnaba, kijana aliyekuwa amerudi juzijuzi kutoka masomoni ng'ambo, alimsikiliza kifua mara mbili, akasema hakina nimonia hata kidogo. Alichukua mkojo wake, akaudondoshea dawa ya maabara. Ukageuka zambarau.

"Ni aspirini," alisema. "Lakini rangi haisemi ni ngapi. Kama ni chache, dripu itatosha. Kama ni nyingi, hafiki kesho nisipoosha damu yake kupitia tumboni, na kumtoboa tumbo kwenyewe kunaweza kumuua. Majibu ya damu kutoka Nairobi ni wiki ijayo. Nataka mtu aniambie sasa."

Cleophas aliangalia viatu vyake. Mimi niliangalia dirisha. Nilifikiria kazi yangu, nikanyamaza, na hilo sijajisamehe.

Mwishowe Cleophas akasema mtoto alikuwa kijijini Navakholo kwa mama mkwe wake, kwa sababu mkewe, Teresa, alikuwa amejifungua karibuni. Na huyo mama mkwe yuko wapi? Yuko nje. Tangu asubuhi yuko nyuma ya ukuta, kwa kuwa kwetu mama mkwe haonani uso kwa uso na mkwewe. Nikamwambia Cleophas kwamba mtoto anakufa huku yeye ananiletea heshima, nikatoka.

Beldina alikuwa amekaa chini karibu na bomba, leso kichwani. Hakusita kunijibu.

"Nilikuwa nampatianga mbili asubuhi, mbili saa sita, mbili jioni. Siku tatu. Mwenye duka alisema ni dawa ya homa. Na baba yake alimpatia mbili jana usiku, tulipofika kwake. Nilikuwa mlangoni, nikaona."

Nilirudi nikayasema yote. Cleophas akacheka kidogo. "Huyo ni mama wa shamba, daktari. Hata kuhesabu hajui. Mimi sikumpa kitu."

Sauti yake ilipita dirishani ikamfikia Beldina nje. Daktari hata hajajibu, mlango ukafunguka. Beldina aliingia, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya mkwewe, akainua macho. Sijawahi kuona mwanamke wa rika lake akifanya vile. Akafungua fundo la leso na kumwaga vikaratasi vitupu vya vidonge kitandani.

"Hesabu wewe uliyesoma," akamwambia. "Kila karatasi ilikuwa na mbili. Halafu mwambie daktari zako."

Cleophas alihesabu vikaratasi tisa, vidonge kumi na vinane. "Na mbili zangu," akasema.

Ndipo nami nikaona haya. Mwanamke yule alikuwa amejivua heshima yake yote, nami nilikuwa nalinda sare. "Na moja yangu, asubuhi," nikasema. "Sikuiandika."

Daktari Barnaba alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau, lakini hakupoteza muda; zilikuwa nyingi. Alimtoboa Mildred chini ya kitovu, akaingiza mpira mwembamba. Tukamwaga tumboni maji ya dripu yaliyopashwa moto, tukasubiri yavute sumu kutoka kwenye damu, kisha tukashusha chupa sakafuni yatoke. Tukaanza tena. Siku moja na nusu tulifanya hivyo. Siku ya tatu mtoto aliomba uji.

Cleophas alikuja na tai yake, amenyooka.

"Yule mama asimguse mtoto wangu tena," alisema. "Alitaka kumuua."

"Wewe ulimpa mbili. Mimi nilimpa moja, nikaificha."

"Mimi ni baba yake. Na wewe, Sista, ni mtu wa hospitali." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante kwa kazi nzuri."

Nilitaka kumpiga kofi. Beldina alikuwa bado nje, anasubiri kuitwa amwone mjukuu wake. Cleophas akaniomba nikamwambie arudi Navakholo, kwa kuwa yeye, kwa heshima, hawezi kusema naye. Nikaenda nikamwambia.