Picha za Kila Asubuhi

Tangu mdogo wake aajiriwe kwenye maabara ya macho, fundi mkuu wa kamera hakuwa na raha. Kwa miaka kumi na mmoja chumba kile chenye giza kilikuwa chake peke yake. Alimulika macho ya wagonjwa kwa mwanga wa buluu, na seli za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zilizochoshwa na sumu za oksijeni ziling'aa zenyewe, kidogo tu. Zenye afya zilibaki na giza. Sasa madaktari walimwulizia "yule mdogo", na mwezi ujao mmoja kati ya ndugu hao wawili angekabidhiwa kamera mpya. Roho ilimuuma, tena si kidogo.

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, yeye na mdogo wake walipigana picha za macho kuhakikisha mashine haijayumba. Yeye akimpiga mdogo wake, giza safi. Mdogo wake akimpiga yeye, mng'ao, na kila wiki ulizidi.

"Hajui hata kuweka taa," akajisemea, akafurahi kupita kiasi. Alikuwa amesoma maelfu ya picha kama zile, lakini wivu ukampofusha mchana kweupe. Akachapisha za wiki sita, akampelekea daktari mkuu mbio mbio.

"Ona kazi ya kipenzi chenu! Anavuruga vipimo."

Daktari akazitazama moja moja, akavuta kiti. "Kaa. Weka kidevu hapa." Akampiga picha mwenyewe, jicho la kulia, la kushoto, kisha akarudia. Mng'ao ulikuwa uleule.

"Mashine iko sawa," akasema taratibu. "Ni macho yako."

"Lakini naona vizuri!"

"Kwa sasa. Bahati yetu tumeyawahi."

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na daftari la mashine. Wiki sita mfululizo alikuwa akifika saa nzima kabla ya wote, anabadilisha taa, anafuta lenzi, anapima upya.

"Nilitaka liwe kosa langu, dada," akasema, sauti ikimkatika. "Niliomba liwe langu."

Kwenye skrini picha zao zilikaa bega kwa bega, moja inang'aa, nyingine imetulia gizani. Fundi alijua anapaswa kushukuru. Badala yake alilionea wivu lile giza. Hata hapo nimeshindwa, akawaza, na machozi yakamtoka.

"Kesho wahi," akamwambia mdogo wake bila kumtazama. "Unipige wewe. Mwingine simtaki."