Taa ya Kijani Kwenye Pipa

Taa ilikuwa inawaka kijani. Naanza na hilo kwa sababu kila niliyemsimulia aliniuliza hilo kwanza. Iliwaka kijani kibichi kama jani la kiazisukari mwezi wa Juni, na gari la mkulima likapita ubavuni pake, likaangusha mapipa matatu ya plastiki, likaielekea migongo ya wenzangu, na kisanduku chenye taa hiyo hakikutoa hata mlio.

Filimbi yangu ndiyo iliyolia.

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mwangalizi katika Idara ya Barabara ya jimbo letu. Wenzangu wakiinama kuziba mashimo au kunyoosha vyuma vya kando ya barabara, mimi nilisimama nimewapa mgongo, macho kwenye magari yajayo, filimbi mdomoni. Mwangalizi haokoti hata msumari. Wapita njia humwona wakadhani anakula mshahara wa bure, na kwa kweli siku nyingi hakuna chochote anachofanya, isipokuwa kutazama.

Majira yale ya baridi alikuja Lindquist, kijana mwembamba wa ofisi ya utafiti ya makao makuu, na masanduku manane ya majaribio, kila moja kama kopo la biskuti.

"Mnalifunga kwenye pipa," alisema. "Gari likivuka mstari wa mapipa, king'ora kinalia, na kidude cha begani kinawatetemesha. Chuo kikuu wamelipima kwenye maabara. Sasa tunataka kujua ninyi mnasemaje."

Nilimpenda kwa neno hilo la mwisho. Katika miaka yangu yote hakuna mtu wa makao makuu aliyewahi kutaka kujua tunasemaje.

Fomu alinipa mimi, maana ndimi niliyekuwa na mikono mitupu. Kila siku swali moja: je, kifaa kimeshindwa kufanya kazi? Ukijibu hapana, unatia sahihi, umemaliza. Ukijibu ndiyo, unafunua kurasa nne zenye mistari mitupu, na juu yake maneno: eleza kwa kina. Mimi niliacha shule darasa la nane, baba alipovunjika nyonga wakati wa mavuno. Kusoma nasoma. Lakini mistari mitupu hunitoa jasho hata kwenye theluji.

Ndipo ikaja asubuhi ya lile gari. Baridi ilikuwa ya kugandisha unyevu puani. Nilipopiga filimbi wote waliruka mtaroni, na gari likasimama juu ya chupa ya kahawa ya Delmar, msimamizi wetu.

"Umeniokoa mimi, ukaniulia chupa," Delmar alisema akijipangusa theluji. "Hiyo utanilipa, bibi wee."

"Delmar, sanduku halikulia."

"Limeganda. Hata pua yangu mimi haifanyi kazi leo." Alicheka. "Sasa ndiyo unataka kujaza zile kurasa? Haya, jaza. Waje maprofesa watusimamishe hapa mpaka Pasaka, watupime kama ng'ombe wa maonyesho."

Mchana, ndani ya lori, nilifunua ukurasa wa kwanza. Niliandika maneno matatu nikayatazama. Nikawaona watu wa chuo kikuu wakipokezana karatasi yangu, wakitabasamu kwa adabu. Nikajiambia: nani ameumia? Hakuna. Mwangalizi yupo, filimbi ipo. Nikaichana karatasi, nikachukua nyingine, nikatia alama kwenye hapana.

Mama mwenzangu unayenisikiliza, kama nawe una fomu mkononi leo, hapo ndipo nilipopotea. Niliandika kwamba kifaa hakikushindwa, kwa kuwa mimi sikushindwa.

Taarifa ilitoka majira ya kuchipua. Siku arobaini na moja, kushindwa sifuri, na kwenye ukurasa wa shukrani, jina langu: Ardis Tveit. Niliubandika kwenye jokofu kwa sumaku. Kanisani, kwenye chakula cha ukumbi wa chini, binti yangu Marit aliusoma kwa sauti huku watu wakipakua viazi na nyama ya kusaga. "Jamani, mama yangu kawa mtafiti!" Walipiga makofi, na mimi niliinamia sahani nikiona raha mpaka masikioni.

Miaka miwili baadaye idara iliyanunua masanduku kwa jimbo zima. Na kwa kuwa wafanyakazi walikuwa wachache na sanduku sasa linaangalia, waangalizi walipewa makoleo wafanye kazi na wenzao. Mimi nilikuwa nimeshastaafu. Kiwanda cha maziwa alikofanya kazi Marit kilipofungwa, akaajiriwa barabarani, na nikafurahi.

Nilifurahi hadi Januari hii. Alipita kwangu alfajiri kunywa kahawa, koti lake la kung'aa limetundikwa kitini.

"Mwangalizi wenu ni nani?" nilimuuliza, kwa mazoea tu.

"Mwangalizi wa nini tena, Mama? Tuna sanduku."

"Na baridi ikizidi?"

"Taa inawaka kijani, tunaendelea." Akaelekeza kikombe kwenye jokofu. "Si wewe uliyelipima?"

Nilikaa. Nikamweleza yote, gari, filimbi, karatasi niliyoichana. Aliposikiliza hadi mwisho alikizungusha kikombe mezani mara mbili.

"Mara moja tu?"

"Mara moja niliyoiona."

"Kwa ajili ya kurasa nne," alisema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Alivaa koti akaenda kazini, kwa kuwa kazi ni kazi.

Nilimpigia Lindquist. Alinikumbuka, akaniuliza hali ya miguu yangu. Nilipomaliza kusema, nilimsikia akipekua karatasi.

"Ardis," alisema, "tulipanga majaribio mengine kwa majira ya baridi yaliyofuata. Fomu zako ndizo zilizofanya tuyafute."

"Basi yaondoe hayo masanduku, mwanangu."

"Mimi nakuamini. Lakini kamati ya idara inakaa Aprili, na haiamui kwa imani yangu tu. Niandikie. Kila kitu, kwa kina."

Niliandika siku tatu, kwenye meza ya jikoni, mkono umekakamaa. Marit alizisoma karatasi akiwa amesimama, asirekebishe neno, akazitia kwenye bahasha. Ilikuwa bado Januari.

Siku iliyofuata redio ilitangaza baridi ya kuvunja misumari. Nilivaa koti langu la zamani, nikatoa filimbi kwenye droo ya vijiko, nikaendesha gari hadi Marit na wenzake walipokuwa wanabadilisha chuma cha kando ya barabara kilichogongwa, kwenye kona ambako malori ya viazisukari hupita kuelekea kiwandani. Niliegesha kwenye njia ya shamba, nje ya mapipa, mahali ambapo hakuna wa kunifukuza.

Marit alikuja mbio, pumzi yake nyeupe.

"Mama, nenda nyumbani. Wenzangu wanatazama."

"Waache watazame."

"Utaganda hapa. Kesho je? Na keshokutwa? Utakuja kila siku mpaka Aprili?"

Nilikuwa nimeshageuka, macho kwenye kona, filimbi mdomoni, plastiki yake baridi ikiniuma midomo. Nyuma yangu nikamsikia mmoja wao akisema, "Marit, mkanye mama yako huyo," na mwingine akacheka. Marit hakucheka. Alisimama kando yangu, akalitazama pipa la mwisho na taa yake ya kijani, akanitazama mimi.

Kwa mbali lori la kwanza lilitokeza, taa zake mbili ndogo kwenye moshi wa theluji. Nikasikia viatu vya Marit vikirudi kwenye chuma, vikisita, kisha sauti ya spana ikianza. Nilijua, bila kugeuka, kwamba ameyapa magari mgongo na kuinama.

Nikavuta pumzi, nikaishikilia.