Ufunguo wa Akiba

Bi Rangi alikuwa ameshika pazia la sebuleni kwa mpangaji wake, Mwalimu, analikagua kama lina madoa, aliposikia ufunguo ukiingia mlangoni. Huo ulikuwa ufunguo wa mwenye haki. Wa kwake, ule wa akiba, ulikuwa mfukoni mwa gauni.

Mwalimu hakuwa mtu wa kurudi mchana. Alikuwa akiondoka asubuhi na kurudi jioni, na ndiyo sababu Bi Rangi alichagua saa hii. Kesho mnunuzi angekuja kuiona nyumba. Bi Rangi alitaka kujiridhisha kwa macho yake kwamba ghorofa ya juu haina ukuta uliochubuka, wala ndugu wa mpangaji waliojazana humo kama njiti kwenye kibiriti. Angeomba ruhusa, Mwalimu angeuliza kulikoni, na habari ya kuuza nyumba ingeenea kabla ya jua kuzama. Mpangaji mwenye wasiwasi huhama, na nyumba tupu haina bei.

Angeweza kubaki palepale sebuleni, akachekacheka na kusema amepita tu. Lakini maneno ya mtoto wa kaka yake, karani kwa wakili, yalimrudia masikioni. Juzi tu alikuwa amekaa kwake, kikombe mkononi, akimsomea sheria kama anamsomea mashtaka.

"Shangazi, ukishampangisha mtu, mlango ule si wako tena. Unampa taarifa kwanza, kwa maandishi. Akikukuta ndani hivihivi, anakushtaki. Na nyumba yenye kesi, nani atainunua?"

"Nimeijenga kwa mafao yangu, leo nipige magoti mlangoni?"

"Kuta ni zako. Maisha yaliyomo si yako. Na zile hita za gesi za bafuni, zimekaguliwa? Sheria inataka..."

"Sheria, sheria! Kunywa chai, inapoa."

Sasa mlango ulikuwa unafunguka. Miguu ya Bi Rangi iliamua kabla ya kichwa. Ilimpeleka chumbani, ikampandisha kwenye kabati la nguo, mama mtu mzima, mwenye wajukuu, akajikunja katikati ya magauni ya watu na kuvuta mlango kwa kucha.

Giza lilinukia sabuni. Alimsikia Mwalimu akitupa mkoba, akivua viatu, akiingia chumbani. Kupitia ufa wa mlango aliuona mgongo wake ukiketi kitandani. Kisha Mwalimu akapiga simu, akaweka sauti ya nje, na chumba kikajaa sauti ya mwanamke mwingine.

"Dada! Mbona mapema, umefukuzwa kazi?"

"Mdomo wako huo. Kichwa, mdogo wangu. Kinagonga kama kina fundi bati ndani. Nimewaacha wanafunzi na mwenzangu."

"Si nilikwambia uende hospitali?"

"Nilienda. Hawakuona kitu. Halafu ajabu yake, nikiwa kazini huwa kinapoa, leo tu kimekataa. Nikioga hapa nyumbani kinaanza upya."

"Basi usioge, utatusaidia wote kuokoa maji."

Mwalimu alicheka kidogo. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kuna jambo jingine, usinicheke. Mtu anaingia humu ndani."

Kabatini, Bi Rangi alijisogeza nyuma ya magauni.

"Mtu gani? Wameiba nini?"

"Hawaibi. Kiti kinasogea. Droo niliyoifunga naikuta wazi. Mlango haujavunjwa. Nimeanza kulala na kisu chini ya mto, nakwambia kweli. Siku nitakayomkuta sitauliza jina."

Macho ya Bi Rangi yalishuka mpaka kwenye mto. Ulikuwa karibu na mkono wa Mwalimu, umevimba upande mmoja. Hapo hapo, simu yake ikaanza kutetemeka mfukoni, ikigonga ubao wa kabati kama nyuki kwenye kopo. Aliibana kwa mapaja, kwa viganja, kwa dua. Mnunuzi. Aliijua saa yake ya kupiga. Ilitetemeka, ikatetemeka, ikakata.

"Nini hicho?" akauliza Mwalimu.

"Nini nini?"

"Nimesikia kitu."

"Ni kichwa chako hicho. Oga ulale, dada. Nitakupigia."

Mwalimu alisimama. Alilitazama kabati kwa muda, na Bi Rangi alifumba macho, kana kwamba asiyeona haonekani. Alipoyafumbua, mwenzake alikuwa amechukua taulo na kuelekea bafuni. Komeo liligonga. Maji yakafunguliwa, na hita ikawaka kwa mlio wake wa *pufu*.

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi. Toka, nyata, funga mlango, shuka ngazi, ukaanze maisha mapya. Bi Rangi alishatoa mguu mmoja nje ya kabati, na mguu huo ukagoma.

*Nikioga hapa nyumbani kinaanza upya.*

Tangu lini? Mwalimu hakusema. Lakini Bi Rangi alijua, na kujua huko kulimpanda kutoka nyayoni kama maji baridi. Ni tangu yeye alipopaka rangi ukuta wa nje. Maisha yake yote ya kazi aliuza rangi dukani, hata jina akalipatia huko, na hakuweza kuvumilia nyumba yenye uso mbaya mbele ya mnunuzi. Mpiga lipu alikuwa amesimama kwenye ngazi yake, mwiko mkononi, akamwita.

"Mama, na vitobo hivi? Naona kama ni vya hita, vinatoa moshi."

"Ziba. Vinaifanya nyumba ionekane imepigwa risasi."

"Nizibe kabisa?"

"Baba, nakulipa uulize au uzibe?"

Akaziba, akapiga na rangi juu. Nyumba ikapendeza kama bibi harusi. Na moshi wa gesi, ule usioonekana wala kunuka, ukakosa njia ya kutoka.

Bafuni, Mwalimu alikuwa akiimba chinichini. Bi Rangi alisimama katikati ya chumba, mkono kifuani. Akigonga mlango ule, amekwisha. Kesi, nyumba, mafao, vyote kwa pigo moja. Labda anaoga haraka. Mbona siku zote anatoka salama? Labda ni kichwa tu, watu wanaumwa vichwa. Alisogea hatua kuelekea mlango wa sebule.

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Maji yaliendelea. Kitu kizito kilianguka, na hakuna aliyesema aah.

"Mwalimu!" Bi Rangi alijisikia akipiga kelele. "Mwalimu, fungua!"

Aliupiga mlango pigo la kwanza kwa bega, na la pili kwa mwili wote. Komeo lile bovu, ambalo Mwalimu alikuwa amelilalamikia na yeye akaahidi *kesho* mpaka kesho zikaisha, liling'oka na misumari yake. Joto zito lilimpiga usoni. Mwalimu alikuwa sakafuni, shavu kwenye vigae, macho nusu wazi kama ya samaki sokoni. Bi Rangi alibana pumzi, akafunga gesi, akamshika makwapani na kumburuta, akivuta shuka la kitandani njiani, mpaka nje kwenye ngazi, kwenye hewa.

"Pumua. Pumua, mwanangu, tafadhali. Usinifie."

Alimpiga mashavu, alimwita, alilia. Kwa muda mrefu kupita kiasi hakukuwa na kitu. Kisha Mwalimu akakohoa, akatapika kwenye miguu ya mwenye nyumba, na Bi Rangi hakuwahi kupokea zawadi nzuri kuliko ile.

Ilichukua muda macho ya Mwalimu kutulia. Yalipotulia, yalitua juu yake na kubaki hapo.

"Umetokea wapi?"

Angeweza kusema alipita, akasikia kishindo, mlango ulikuwa wazi. Uongo ulishajipanga ulimini. Lakini gauni moja la Mwalimu lilikuwa limenasa kwenye kishikizo chake, linaning'inia begani kama ushahidi.

"Kabatini," akasema.

Mwalimu alijifunika shuka mpaka shingoni. Hakukasirika. Alifanya kibaya zaidi: aliogopa, akasogea nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

"Ni mara ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Nilidhani naingiwa na wazimu." Alilikaza shuka. "Nilidhani nina wazimu, mama."

"Nisamehe. Na hita... kitobo chake cha moshi nilikiziba mimi. Kwa ajili ya rangi."

Mwalimu alimtazama kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Kisha, polepole, akageuza kichwa kuelekea ngazi ya chini.

"Changu peke yake?"

Bi Rangi alikuwa ameshaanza kukimbia.

Ghorofa ya chini alikaa Fundi Saa, mzee mseja ambaye hufunga duka mchana, akaja kuoga na kulala kidogo. Bi Rangi aliugonga mlango kwa ngumi mbili. Ndani, maji yalisikika yakimwagika.

"Fundi! Fundi Saa!"

Maji tu. Alitoa shada la funguo, akaupata wa mlango huo, akauelekeza kwenye tundu, na mkono ukaganda hapo. Mara zote tatu kwa Mwalimu haukuwa umeganda.

"Fungua!" Sauti kavu ya Mwalimu ilitoka juu ya ngazi. "Unangoja nini? Mtu anakufa!"

Alifungua. Alikimbilia bafuni, akausukuma mlango, na Fundi Saa, mwenye povu kichwa kizima na mkono mmoja ndiyo kwanza unaelekea kwenye swichi ya hita, akapiga ukelele wa kuamsha mtaa.

"Mwizi! Mwanamke mwizi!"

"Usiwashe! Fundi, usiwashe hiyo hita!"

"Kodi si nimelipa? Ndiyo mnatufuata mpaka kwenye sabuni?"

Bi Rangi aliegemea ukuta. Akateleza mpaka chini, akakaa kwenye maji ya mzee wa watu. Mwalimu alikuwa ameshuka, ameshikilia fremu ya mlango, shuka limemzunguka, uso umepauka. Alimweleza Fundi kwa maneno machache. Fundi alisikiliza, povu likimshukia machoni bila kulipangusa.

Kisha Mwalimu alinyoosha mkono kwa Bi Rangi, kiganja juu.

"Wangu."

Pete ya funguo ilikataa kumfungukia Bi Rangi. Alijaribu, akajikata ukucha, akajaribu tena. Ulipotoka, Mwalimu aliufumbata na hakusema asante.

Fundi Saa alikaza taulo kiunoni. Naye akanyoosha mkono wake wenye povu.

"Na wangu."