Ruhusa ya Kwenda Kumzika Besi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefungua mlango wa bafu la bweni, ndoo mkononi, na badala ya kuingia bafuni nikaingia kwenye mazoezi ya kwaya. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni. Najua kwa sababu mazoezi ya kwaya ya mtaa wetu kule Tukuyu huwa Jumamosi saa kumi jioni, na ndoto hii, pamoja na mapungufu yake yote, haikutaka kuvunja ratiba.

Ieleweke mapema kwamba sikuwa na homa, na maharage niliyokula yalikuwa yale yale ya siku zote.

Kwaya yetu si ya kanisa lolote. Ina Wamoravian, Wakatoliki, mama mmoja Mwislamu asiyekosa hata Jumamosi moja, na fundi pikipiki ambaye hasali popote ila hufika kabla ya wote. Tunaimba kwenye harusi na kwenye misiba. Ukikosea noti hakuna anayekugombeza. Watu wanacheka, unapewa kikombe cha chai, mnarudia. Upungufu wake ulikuwa mmoja tu: ilikuwa na besi mmoja wa kushika sauti ya chini. Babu Mwangomo.

Babu Mwangomo hakuwa babu yangu. Alikuwa karani mstaafu wa mizani ya kiwanda cha chai, mwenye pengo moja kwenye meno ya mbele na kipande cha tangawizi shavuni, shavu la kushoto, kila Jumamosi. Sauti yangu ilipoharibika kidato cha pili, kama zinavyoharibika za wavulana wote, Mwalimu Ambakisye anayetuongoza alinitoa kwa akina mama akaniketisha kando ya Babu. Babu alinisikiliza mistari miwili. Akang'ata tangawizi yake, akanipa kilichobaki, kikiwa na alama za meno: meno matatu, pengo, jino moja.

"Wewe si besi wala si kitu kingine," alisema. "Wewe ni Nusu."

Tangu siku hiyo pale ukumbini hakuna aliyeniita Gwamaka tena.

Basi, naingia na ndoo yangu. Akina mama wa sauti ya kwanza wako juu, wamegandana na bati la ukumbi. Kanga zinaning'inia. Mwalimu Ambakisye alikuwa akituonya kila wiki kwamba besi ndiyo msingi, besi ikiondoka wote mtapanda. Naona wamepanda.

"Shikamoo, Mama Tusekile," namsalimia kiongozi wao. Yuko karibu na taa.

"Marahaba, mwanangu. Usishangae. Tulipanda kidogo kidogo, na hakuna wa kutushusha. Pita ukae."

Nakwenda kukaa kwenye benchi la besi. Benchi linakohoa.

"Hapo kulia pana mtu," linasema.

"Sioni mtu."

"Pana mtu. Ametoka tu. Hajamaliza."

Ndipo naisikia. Iko chini ya sakafu, chini kabisa, inapita kwenye miguu ya benchi na kuingia kwenye magoti yangu: do. Do moja, nene, isiyokatika.

Mbele yetu Mwalimu Ambakisye amesimama wima kama kawaida yake. Mkono wa kulia wa shati lake umekunjwa vizuri na kubanwa kwa pini, kwa sababu ndani yake hamna kitu.

"Mwalimu, mkono uko wapi?"

"Umetoka nje," anasema bila ubaya wowote. "Si wewe uliyesema kuna mgeni?"

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo si ndoto.

Wimbo wetu wa mwisho wa mazoezi humalizikia kwa besi. Wengine wote wananyamaza, besi inabaki na do peke yake, mpaka Mwalimu achore duara dogo hewani na kufunga ngumi. Huko ndiko tunakoita kukata. Katika kwaya ile ya watu wapole, hii ndiyo sheria pekee isiyo na mchezo: hujakatiwa, huachi.

Jumamosi ya mwisho kabla shule haijafunguliwa, mwezi wa saba, Babu alipoishika ile do nilimnong'oneza Mwalimu kwamba kuna mgeni wake nje, ana haraka. Mwalimu akatoka, mkono ukiwa bado juu. Babu akaendelea. Akina mama wakaanza kucheka. Uso wa Babu ukawa rangi ya nyanya, shingo ikajaa, lakini macho yalikuwa yakinicheka. Alijua ni mimi. Akaninyooshea kidole kimoja, maana yake utaniona. Halafu baba akapiga honi barabarani, tunachelewa basi la shule. Nikanyakua sanduku nikakimbia. Nyuma yangu do ilikuwa bado inaendelea.

Nilicheka mpaka Mbeya.

Wiki ya tatu ya muhula, mama alipiga simu kwa matroni. Babu Mwangomo amefariki, usingizini, wanazika kesho. Nikaenda kwa mwalimu wa zamu kuomba ruhusa.

"Nani amefariki?"

"Babu, mwalimu."

Akafungua daftari la ruhusa, akalamba kidole, akarudisha kurasa. "Babu mzaa baba alifariki Februari mwaka jana. Babu mzaa mama akamfuata Septemba. Wa tatu anatoka wapi?"

Nakiri kwamba wote wawili nilikuwa nimewaua mimi, kwa ajili ya mechi. Ni wazima. Mmoja anafuga ng'ombe wa maziwa.

"Huyu si babu yangu hasa, mwalimu. Ni besi."

"Hakuna ruhusa ya besi," akasema, akafunga daftari.

Hivyo sikumzika. Na ile do, mimi sijawahi kuisikia ikikatwa. Nasema tu ukweli ulivyo.

Sasa turudi ukumbini.

"Mwalimu, naomba niende nikaulete mkono."

"Nenda. Fuata vistari."

Ubaoni kuna noti za besi alizoandika kwa chaki: d, yaani do, kisha vistari vya kushikilia, kimoja baada ya kingine. Vistari havikuishia ubaoni. Vimevuka ukingo wa ubao, vimepita ukutani, vimeshuka sakafuni, vimetoka chini ya mlango.

"Usivikanyage," ubao unaniambia. "Bado vinatumika."

Nafungua mlango wa ukumbi. Nje ya ukumbi ni ofisi ya mwalimu wa zamu. Mwalimu hayupo. Daftari la ruhusa limekaa kwenye kiti chake, limejifungua lenyewe. Kwenye benchi la kusubiria wamekaa babu zangu wawili, bega kwa bega, na pamba puani.

"Gwamaka," anasema mzaa mama, kwa sauti ya mtu mwenye mafua. "Tutakaa hivi mpaka lini?"

"Ng'ombe hajakamuliwa tangu Septemba," anaongeza mzaa baba, ambaye ng'ombe hata si wake.

"Unaomba ruhusa ya nini?" daftari linauliza.

"Kwenda kuzika."

"Marehemu ni nani wako?"

"Ni besi."

"Sina mstari wa besi. Nina mistari miwili ya babu, na yote umeijaza."

Nachukua kalamu. Nakata jina la kwanza, naandika pembeni: nilidanganya. Nakata la pili, naandika: na hapa pia. Babu zangu wanatoa pamba puani, wanazikunja vizuri, wananiwekea ndani ya ndoo. Mzaa mama ananipiga kofi dogo la kisogoni, la kifamilia, wanaondoka wakibishana habari za maziwa.

Daftari linaandika lenyewe kwenye nafasi iliyobaki: *Gwamaka. Besi. Dakika moja.*

"Dakika moja haitoshi hata kutoa pole."

"Siku zako za kuzika ulizimaliza kwenye mechi," linasema, na linajifunga.

Vistari vinaendelea. Vinatoka dirishani, nami natoka dirishani, na chini ya dirisha ni kituo cha kupimia majani ya chai. Mashamba yameteremka kila upande, kijani mpaka macho yanachoka. Katikati ni mizani kubwa ya kiwanda. Juu ya mizani, kwenye kigoda, amekaa Babu Mwangomo, koti lake la Jumamosi, mdomo wazi, kidole kimoja bado kimenyooka. Anaimba do.

"Shikamoo, Babu."

Do inatikisika kidogo, haikatiki.

"Anasema marahaba," inasema mizani. "Anaomba radhi hawezi kuzungumza. Ana noti."

"Ana uzito gani?"

"Yeye sifuri. Noti peke yake kilo arobaini na mbili."

Pembeni, juu ya gunia la majani mabichi, umekaa mkono wa Mwalimu Ambakisye. Unapigapiga vidole kama mtu aliyechoshwa na kungoja.

"Mgeni yuko wapi?" unauliza.

"Hakuna mgeni. Nilidanganya." Leo nimekiri hivyo mara tatu, ni nyingi kwa mtu wa rika langu.

"Nilijua tangu siku ile ile. Lakini aliyetoka kumpokea mgeni hawezi kurudi bila mgeni."

Nafikiri. "Basi mgeni ni mimi."

"Karibu," unasema mkono, unainuka. "Haya, tukate."

"Subiri kidogo."

"Una dakika moja."

"Subiri. Asipokatwa, bado anaimba. Na kama bado anaimba, basi hajafa, na mimi sijakosa mazishi."

Upepo unapita kwenye chai. Mshale wa mizani unatetemeka.

"Anasema," inasema mizani taratibu, "pumzi ilimwishia tangu mwezi wa saba. Anaendelea kwa adabu tu, kwa kuwa hakukatiwa."

Namtazama Babu. Jasho limemtiririka mpaka kwenye kola. Shingo imejaa kama siku ile. Macho bado yananicheka, lakini yanacheka kwa kujikaza, kama mtu anayekusubiri umalize mzaha ili akalale.

Kwa adabu tu.

Katika maisha yangu nimefunga ulimi wa kengele ya shule kwa soksi. Nimewatilia viranja sabuni kwenye uji. Mizaha yote hiyo iliisha siku ile ile, kwa viboko au kwa kicheko. Huu una miezi mitatu na mtu bado ameubeba.

"Duara nitachora mimi," unasema mkono. "Ngumi utafunga wewe."

Unapanda hewani, unachora duara dogo. Nainua mkono wangu.

"Nisamehe, Babu."

Nafunga ngumi.

Do inakatika.

Kimya kinachokuja kinakaa juu ya mizani, na mshale unazunguka mpaka mwisho na kukwama. Mbali, ukumbini, nawasikia akina mama wakishuka darini mmoja mmoja, nyayo zao zikigusa sakafu, na Mama Tusekile akianza kulia, polepole, kama watu wanavyolia baada ya kurudi makaburini.

Babu Mwangomo anafunga mdomo. Anameza mate. Anajifuta shingo kwa leso.

"Nusu," anasema, na sauti yake ya kuongea ni ndogo kuliko nilivyoikumbuka. "Umekuja kunizika na ndoo?"

"Ndiyo, Babu."

"Haya. Msibani ndoo haikatazwi. Maji huwa hayatoshi."

Nataka kucheka. Nasikia ninachofanya si kucheka.

"Nilikimbilia basi, Babu. Ningejua nisingekimbia."

"Nami ningekuwa wewe ningekimbia. Mwalimu alirudi amekasirika!" Anatoa tangawizi shavuni, anaing'ata, ananipa kilichobaki. "Shika. Jumamosi yako ya kwanza nyumbani, lile benchi lisikae tupu. Akina mama wale wakipanda tena watapasua bati."

"Sitaweza. Mimi ni nusu tu."

"Basi anza na nusu."

Anashuka kwenye mizani. Mshale hausogei, kwa kuwa yeye hana uzito. Anashika njia ya katikati ya chai, koti la Jumamosi, mgongo umepinda upande kama wa mtu aliyekaa kwenye benchi moja miaka mingi. Najua hatageuka, kwa sababu babu yule hakuwa mtu wa kuagana mara mbili. Nafungua mdomo nimwite. Jina halitoki. Inatoka do.

Kengele ikalia.

Nilikuwa kitandani. Sadiki, anayelala kitanda cha juu yangu, alikuwa amechungulia chini, macho yamemtoka.

"Gwamaka, ni wewe uliyekuwa unaunguruma? Kitanda kizima kilikuwa kinatetemeka. Nilidhani kuna lori nje."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefunga ngumi, umekaza mpaka vidole vinauma. Nikaufungua.

Shuleni kwetu hakuna tangawizi. Chai yetu ina maji na moshi, basi. Lakini kiganjani mwangu kilikuwepo kipande, kikavu upande mmoja, kibichi pale kilipong'atwa. Nilikipeleka kwenye mwanga wa dirisha nikahesabu, kisha nikahesabu tena. Meno matatu, pengo, jino moja.

Nikakiweka shavuni, shavu la kushoto. Nikavaa sare, nikafunga vifungo vyote, jambo ambalo lilimtisha Sadiki kuliko muungurumo, nikaenda ofisini kumwarifu mwalimu wa zamu kwamba babu zangu wawili ni wazima, na kwamba aliyekufa ni mmoja.