Kava la Kompyuta ya Mama

Ukiiwasha kompyuta yetu ilikuwa inanguruma, inazungusha vidoti vyake kwenye kioo cheusi, halafu inamleta Mama. Mama anakaa kidogo tu. Kabla vipicha vya mafaili havijajipanga, tap! Giza.

Mama mwenyewe alitutoka mwaka jana. Picha ile ya kwenye kioo aliipiga Baba, kwa simu ya Mama, hapa hapa karakanani. Mama amekaa mbele ya mashine ya kudarizi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, mdomo wazi, maana alikuwa anasema, "Mzee wewe, toa kidole!" Baba na kupiga picha ni mbingu na ardhi. Kidole hakikutoka, kimebaki pembeni mwa picha kama kiazi. Mama alicheka mpaka akainamia mashine, kisha akaiweka picha kwenye kompyuta, eti wateja waone ameolewa na mtu wa namna gani. Simu yake ilipotea siku za msiba, nyumba ikiwa imejaa watu. Ikabaki hiyo ya kwenye kompyuta.

Sisi ni mafundi nguo. Baba anakata na kushona, mimi nadarizi nembo za shule kwenye sweta. Mashine ya kudarizi peke yake haijui jogoo wala kitabu. Inangoja kompyuta iitumie mchoro. Kompyuta ikilala, na sisi tumelala. Shule zilikuwa karibu kufungua, sweta zimerundikana mpaka dirishani.

Tukamwita kijana wa chumba cha tatu, fundi wa kompyuta na simu. Watu wanamwita Washa-Zima, kwa sababu ukimpelekea ugonjwa wowote, dawa yake ya kwanza ni hiyo. Akawasha, akazima. Akainua kava la kitambaa kwa mbele, akachomoa memori, akaisugua kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Akabadilisha waya wa umeme. Mama akaja, akakaa kidogo, akaondoka.

"Windows imekufa hii," akasema. "Nitapiga Windows upya."

Kupiga Windows upya maana yake ni kufuta vyote vilivyomo. Nembo tulikuwa nazo kwenye flashi. Picha hakuna aliyefikiria kuiweka. Nani anamwekea akiba mtu anayemwona kila siku?

"Kaka, si uitoe kwanza picha?"

"Nitaitoaje dada yangu, na yenyewe haikai? Kile kifaa cha kusomea diski pembeni nilimwazima jamaa, na jamaa mwenyewe kahama."

Baba hakuinua kichwa kwenye kitambaa. "Futa. Sweta za watoto wa watu hazingoji."

"Baba!"

"Nimesema afute, mwanangu. Tufanye kazi."

Washa-Zima akaahidi kurudi kesho yake na flashi ya Windows. Nikashika ufagio, nikafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Tangu ugonjwa ule uanze nilikuwa nawahi kufika kabla ya Baba. Nafungua, nawasha, namwona Mama, anazimika, naanza kazi. Sikumwambia mtu. Ukimtazama mtu kila siku unazijua saa zake: asubuhi Mama alikuwa anakaa, mpaka naweza kuhesabu pini kwenye ukosi wake. Mchana alikuwa anapita kama mtu mwenye haraka. Nikirudia hapo hapo, haji kabisa.

Asubuhi ile ya kufutwa nilifika mapema kuliko siku zote. Nikawasha. Mama akachungulia tu, giza. Asubuhi! Nikaweka kiganja juu ya kava: moto, kama pasi iliyoachwa sasa hivi. Kiti nacho kilikuwa kimevutwa nyuma, na mimi jana nilikiingiza chini ya meza. Ufunguo wa pili anao Baba. Alikuwa ameaga nyumbani kwamba anapitia dukani kuchukua nyuzi. Punde akaingia, mikono mitupu.

"Nyuzi ziko wapi, Baba?"

"Wamefunga," akasema, akaenda kwenye meza yake.

Washa-Zima akaja anapiga mluzi, flashi imening'inia kidoleni. Nikasimama mbele ya kompyuta.

"Kaka, kabla hujafuta, nisikilize. Ikilala usiku kucha, asubuhi inakaa. Ukiirudia, haikai. Leo imezimika haraka kwa sababu kuna mtu alishaiwasha kabla yangu."

"Mtu gani?"

Mkasi wa Baba ukasimama katikati ya kitambaa.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuja kumuaga."

Washa-Zima akaichomoa flashi kidoleni, akaitia mfukoni.

"Basi hiyo si Windows, mzee. Hilo ni joto. Inajizima ili isiungue. Tulivue hili koti, niione nyuma."

Kava lile Mama alilishona kwa mabaki ya vitambaa vya sare, likabana kompyuta kama gauni la bibi harusi. Linafungwa kwa vifungo nyuma. Alitukataza kulivua: vumbi litaingia. Tangu afariki hakuna aliyelifungua.

"Kava halivuliwi," Baba akasema.

"Basi nifute?"

Baba akainuka, akaja mwenyewe, akafungua kifungo kimoja kimoja, taratibu, kama anayemvua nguo mtoto aliyelala.

Nyuma feni haikuonekana. Manyoya ya sweta yalikuwa yamejikunja pale kama mto. Washa-Zima akaligeuzageuza kava mwangani. Kila waya ulikuwa na tundu lake, na kila tundu limepigwa kingo kwa mkono.

"Mama huyu alikuwa fundi! Ameweka tundu la kila kitu, la pumzi kasahau."

"Kazi yake ilikuwa haina mwanya," Baba akasema.

Washa-Zima akasafisha kwa brashi ya rangi, akaing'oa na feni ya ndani, akakwangua dawa ya kupitisha joto iliyokaukia chini yake, akapaka nyingine mbichi. Tukawasha. Mama akaja. Mafaili yakaanza kutokea: jogoo wa shule moja akakaa kwenye jicho la Mama, mwenge wa nyingine kidevuni. Giza halikuja.

"Mtoe huyo jogoo!" Baba akafoka.

Washa-Zima akacheka, akawasogeza wote chini. Akainakili picha kwenye flashi yetu. "Na hiki kiazi cha pembeni, nikikate?"

"Acha!" tukasema mimi na Baba pamoja.

Mchana kutwa Baba alikuwa na lile kava mapajani. Alikata dirisha nyuma, mahali pa feni, akalizungushia kingo kwa mkono, sindano ikifuata njia ya Mama. Sweta nilidarizi mimi.

Nilidhani nitashiba kumtazama. Zamani, akizimika, nilikuwa najiambia ni umeme uliomkatiza kauli, kesho atamalizia. Sasa yupo toka asubuhi hadi tunafunga. Mdomo uko wazi vile vile, na hamalizii.

Bado nawahi, ila siku hizi Baba ananitangulia. Jana nilikuta mlango umerudishwa tu, kompyuta inanguruma ndani. Nikasimama nje, ufunguo mkononi. Nikamsikia anasema polepole, kama mtu anayemjibu mwenzake:

"Haya, kidole nimekitoa."

Nikamwacha kidogo. Kisha nikatikisa funguo, ajue nakuja.