Sanduku Lililomjibu Perez

Alhamisi, tarehe kumi na mbili Machi 1998, saa tisa alasiri, Perez alibonyeza namba tatu kwenye redio ya boti, na sauti ya mumewe ikamjibu kwamba msaada unakuja. Saa hiyo mumewe, Zadock, alikuwa kijijini Pap Onditi, magoti matopeni, akipalilia mtama wa watu.

Miaka kumi na mmoja Zadock alikuwa mtu wa redio wa ushirika wa samaki mjini Kisumu. Alikaa chumba cha juu ya stoo ya barafu akijibu maboti yote: barafu ipo, lori limechelewa, upepo umegeuka, rudini. Darasa la nne tu, lakini ukisema neno moja hewani, alijua wewe ni nani na umekunywa nini.

Mwaka uliotangulia, mwenyekiti Walter Ogola alimletea fundi aliyeitwa Simiyu, na sanduku la bati lenye matundu manne.

"Sanduku lenyewe halina akili," Simiyu alieleza. "Akili iko kwa kadi. Ukitaka lijibu mambo ya barafu, unachomeka kadi ya barafu. Ya upepo, hivyo hivyo. Mtu anabonyeza namba huko majini, linamjibu lenyewe."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye mwalimu wake, omera, ndugu yangu!" Walter alimpiga bega. "Watu wetu hawataki sauti ya Nairobi. Lifundishe. Likishajua, wewe ndiye bosi wa sanduku."

Zadock akafundisha. Wiki sita alimtajia Simiyu kila swali ambalo watu wa ziwani huuliza, na kila jibu akalisema kwenye kinasa sauti. Kwa namba tatu, ya mtu anayezama, alisema: "Tumekusikia. Boti inakuja. Tulieni."

Akauliza ni nani atakayeituma hiyo boti. Simiyu akamwonyesha kadi ya nne: tatu ikibonyezwa, kadi hiyo ingeliza kengele uani, kwa watu wa boti ya injini. Zadock akaijaribu mara mbili. Kengele ililia hadi mbwa wa stoo wakabweka. Akaridhika.

Januari Walter alimpa barua ya kumwachisha kazi.

"Si ulisema mimi ni bosi wa sanduku?"

"Sanduku limekomaa, omera. Halitaki bosi." Walter alicheka, akingoja mwenzake acheke pia.

Boti iliyombeba Perez ilipasuka ubao ikitoka visiwani na magunia ya omena, dagaa wa ziwani. Watu saba walikufa, Perez akiwa mmoja wao. Aliyepona ni Nakhungu, mchuuzi kutoka Bungoma, aliyeokotwa asubuhi amekumbatia mtungi wa plastiki. Alikuja matangani, akasimama mbele ya Zadock bila kumpa mkono.

"Ulikuwa wapi, Baba?"

"Shambani."

"Usinidanganye. Tulikusikia. Nahodha alitaka kuita boti zilizokuwa karibu. Mama Perez akamnyang'anya redio. Akasema, 'Huyo ni bwana yangu. Akisema inakuja, inakuja.' Tukatulia. Si ulisema tutulie?"

Waombolezaji walisikia. Tangu hapo hakuna aliyekaa benchi moja na Zadock.

Baada ya mazishi alipanda ngazi za stoo. Kwenye tundu la nne palikuwa na kadi mpya, ya bei za kiwanda cha minofu. Ya kengele aliikuta kwenye droo, imefungwa mpira, imeanza kushika vumbi.

"Matundu ni manne tu, Mzee," Simiyu alisema. "Wenye kiwanda walitaka namba yao. Niliambiwa nichomoe moja."

"Uliambiwa na nani?"

Simiyu akautazama mlango. Akachukua bisibisi yake, akaanza kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

Wiki iliyofuata afisa wa serikali aliitisha uchunguzi katika ukumbi wa kanisa. Alitangaza kwamba aliyewajibu watu wale bila kupeleka boti atashtakiwa kwa vifo saba. Simiyu hakuwepo, ilisemekana amehamishwa. Walter alikaa mstari wa mbele, kitambaa cheupe mkononi.

Afisa akabonyeza kitufe cha kinasa. *Tumekusikia. Boti inakuja. Tulieni.*

"Muulizeni hiyo boti imefika wapi!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Hii sauti ni ya nani?" afisa aliuliza.

"Sema ukweli tu, omera," Walter alisema kwa upole. "Sisi sote tunakujua."

"Ni yangu," Zadock alisema. "Lakini..."

Karani akaandika. Alipofika "yangu" akaweka nukta.

"Imetosha, Mzee. Kaa chini."

Zadock hakukaa. Mikono yake ilikuwa imeshika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, na mama aliyekalia kiti hicho, aliyefiwa na mwanawe katika boti ile ile, akainuka akaenda kukaa kwingine. Karani alikuwa ameshafunika kalamu. Walter alikuwa anakunja kitambaa chake, pembe juu ya pembe, polepole.

"Kadi ya kengele iko kwenye droo," Zadock alisema. "Nani aliagiza ing'olewe?"