Msamaha Uliompita Kaltumu Mlangoni

"Na mi, aliniuliza?" Kaltumu alikuwa amesimama katikati ya lango la Mukarugwiza, mikono kiunoni, hapitiki. "Mungu yako alikuya na mwangaza kwa chumba ya kushonea, akakuambia umesamehewa. Bon. Mutu ulikosea ni mi. Kwangu hakupita, na tunagawana ukuta?"

Ua ulikuwa umejaa. Wengine tulikuja na stuli zetu.

Mwaka jana Mukarugwiza, fundi cherehani, alisema Uwineza, binti wa Kaltumu, ana mume Goma. Uongo mtupu. Waliokuwa wameposa wakarudi kwao. Mimi niliibeba habari hiyo hadi mtaa wa Mbugangari, nikaiongezea na mtoto.

Sasa, Jumapili ya kwanza ya mwezi uliopita, siku ambayo Wamormoni hufunga na kusimama kutoa ushuhuda, Mukarugwiza alisimulia maono yake. Kosa hakulitaja. Watu wakaanza kushuka kutoka Kanama kuona kile chumba, wakisema ni ishara kwa Gisenyi nzima. Yeye akakonda. Anashona mshono mmoja, anatoka, anachungulia njia, anarudi.

Leo Jumapili ya kwanza imerudi. Mutabazi, kiongozi wa tawi lao, aliyekulia Tanzania, alikuwa amemsindikiza kutoka ibadani.

"Mama Uwineza," akasema, "hata nabii wetu Joseph, alipotoka msituni alikoona maono, kwanza alielewa kwamba amesamehewa yeye. Miaka ilipita ndipo akaona jambo lile ni la wengi."

"Wengi ni nani? Wa Kanama? Mi si mutu?"

Mukarugwiza akaketi, akainuka, akashika lango.

"Uwineza hana mume Goma," akatuambia. "Nilizua. Mwangaza ulinikuta nikililia jambo hilo. Nikawasimulia mwangaza, nikaficha kilio."

Mama mmoja wa Kanama akachukua mkoba wake. "Donc ni hiyo tu," akanung'unika, akajipenyeza kando ya Kaltumu, akaondoka.

"Rudia," Kaltumu akasema. "Barabarani, wenye moto wasikie, wale wa pikipiki."

Mukarugwiza akatokeza kichwa barabarani, akarudia kwa sauti. Nami nikajikuta nasema yule mtoto nilimzua mimi.

Kaltumu akamtazama jirani yake mdomoni, midomo ilivyokauka.

"Tangu jana haujakula."

"Bado."

"Mudomo ya mwenye kufunga naijua." Akasogea, lango likawa wazi. "Sijasema imeisha. Uwineza atakuambia yeye mwenyewe. Lakini kwangu iko sombe ya majani ya muhogo na muchele. Kuya ukule."